Je, Wajua? Pikipiki ya Silinda Moja, kutoka Birmingham hadi Bunia

Bunia inatembea kwa pikipiki. Mgonjwa, mwalimu, gunia la maharagwe, mbuzi, hata jeneza, vyote hupakiwa nyuma ya motari, yaani mwendesha pikipiki wa abiria. Karibu kila pikipiki ya mji huu ina silinda moja tu, na historia ya silinda hiyo inapita katika viwanda vya Uingereza vilivyomhudumia askari na raia kwa chuma kilekile. Safu ya leo ni ya historia hiyo.

Je, wajua kwamba kampuni inayounda TVS za motari wetu ndiyo inayomiliki Norton? Norton ilianzishwa Birmingham mwaka 1898 na James Lansdowne Norton. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ilikuwa moja ya nguzo za jeshi la Uingereza: kati ya 1936 na 1945 karibu pikipiki 100,000 za Norton, nyingi zao 16H, silinda moja, cc 490, zilikwenda jeshini. Kampuni hiyo ilianguka na kuinuka mara kadhaa, hata Aprili 2020, ikiwa imefilisika, TVS Motor Company ya India ikainunua kwa paundi milioni 16. Kijana anayenunua TVS yake kwa mkopo kule Ariwara ananunua kwa mwenye Norton.

Norton si peke yake. Bajaj, wenye Boxer, wanaunda India Triumph za silinda moja za cc 400 tangu 2023. Jina la BSA lilinunuliwa mwaka 2016 na kampuni tanzu ya Mahindra, nayo ni ya India. Royal Enfield ilitangulia zote. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya India ilitafuta pikipiki ya askari wa doria mipakani, ikaichagua Bullet ya cc 350, na mwaka 1955 kiwanda kikaanzishwa Madras, mji unaoitwa Chennai siku hizi. Kampuni mama ya Uingereza ikafa mwaka 1970. Mtoto wa Madras akabaki, na Bullet inaundwa huko mpaka leo. Majina manne makubwa ya Uingereza, matatu ni mali ya Wahindi, na la nne, Triumph, linaunda pamoja nao! Kwa sisi tunaopata vipuri vyetu Kampala, na Kampala ikiagiza kutoka India, si habari ya mbali hata kidogo.

Je, wajua BSA maana yake nini? Birmingham Small Arms, yaani kampuni ya bunduki. Ilianzishwa mwaka 1861 na mafundi wa bunduki wa Birmingham, na pikipiki zilikuja baadaye. Royal Enfield nao walitangaza kwamba pikipiki zao zimeundwa kama bunduki, na alama yao ilikuwa mzinga. Wabelgiji walifuata njia hiyohiyo: FN ya Herstal ilianza mwaka 1889 kwa kutengeneza bunduki za jeshi, kisha baiskeli, kisha pikipiki tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Sababu yake ni ya kiufundi. Aliyekwisha kujifunza kuchonga mtutu wa chuma kwa vipimo vya nywele anaweza pia kuchonga silinda na pistoni. Tena vita vikiisha, mashine za kiwanda lazima zipate kazi nyingine. Kwetu Ituri, ambako pikipiki na bunduki vimekutana barabarani mara nyingi mno, habari hii haisomwi kwa moyo mwepesi.

Je, wajua kwamba pikipiki za silinda moja za Uingereza zilipigana vita Afrika Mashariki zaidi ya miaka mia moja iliyopita? Mwaka 1916 jeshi la Jenerali Jan Smuts liliingia katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, kwa sehemu kubwa Tanzania Bara ya leo, na ndani yake kulikuwa na kikosi cha waendesha pikipiki wa Afrika Kusini waliopanda BSA za cc 557. Kuna sababu ya kuwapa chuma badala ya farasi: mbung'o. Farasi walikufa kwa maelfu kwa ugonjwa wa nagana, lakini pikipiki haiumwi na mbung'o. Adui yake ni matope. Masika ya 1916 yalipofika, barabara ya Kondoa Irangi ikageuka bwawa, na jeshi lililokuwa huko, la miguu na la magurudumu, likakwama kwa wiki nyingi likiwa na njaa.

Siku hizo nguvu ya injini mara nyingi ilipelekwa gurudumu la nyuma kwa mkanda badala ya cheni. Triumph Model H, ambayo kama 30,000 zilitumiwa na majeshi ya upande wa Uingereza katika vita hivyo, ilikuwa na mkanda wa namna hiyo. Mkanda ukilowa huteleza, injini ikanguruma bure, na gurudumu limesimama. BSA walikuwa na toleo la cheni tupu, tena cheni iliyofunikwa isiingie vumbi. Motari wa barabara ya Djugu anayefunika cheni yake wakati wa kiangazi analinda kitu kilekile.

Norton walikuwa na herufi zao. H ya 16H ilimaanisha pikipiki ya nyumbani, kwa barabara za Uingereza. Ndugu yake aliitwa 17C, na C ilikuwa ya makoloni. Tofauti kubwa ni kwamba ile ya makoloni iliinuliwa zaidi kutoka ardhini, ili tumbo la injini lisigonge mawe na visiki. Kabla ya 1930 mtu wa Birmingham alikuwa tayari anafikiria barabara za namna ya kwetu.

Sasa tuikalie kidogo BSA M20, kwa kuwa ndiyo mfano halisi wa ukoo huu. Je, wajua kwamba M20 kama 126,000 ziliundwa kwa ajili ya Vita vya Pili vya Dunia? Ilichorwa na Val Page katika miaka ya 1930 kama pikipiki ya raia wa kawaida, hasa wale waliofunga kigari cha pembeni ili kubeba mke, watoto au mzigo. Haikuwa na sifa ya mbio. Ilikuwa nzito, karibu kilo 170, gurudumu la nyuma halina shokomzoba hata moja, na kasi yake haikuzidi sana kilomita 100 kwa saa. Askari wengi waliilalamikia. Lakini ilirudi kambini jioni, na kesho yake asubuhi iliwaka.

Kwa nini iliwaka? Kwanza, valvu zake zilisimama kando ya silinda, si juu yake. Kwa hiyo kichwa cha silinda kilikuwa kifuniko tu. Fundi alikifungua kwa spana, akakwangua masizi, akakirudisha, na pikipiki ikaendelea na safari. Pili, ilitumia magneto, kifaa kinachozalisha cheche kwa kuzungushwa na injini yenyewe. Betri ikifa, taa zinazimika, lakini injini haijali: piga kiki, inaitika. Tatu, mgandamizo ndani ya silinda ulikuwa mdogo sana, chini ya tano kwa moja, hivyo ilikubali petroli mbovu ya wakati wa vita. Boxer ya leo hugandamiza karibu mara mbili ya hapo. Anayejaza tangi kwa chupa za Kadafi, wale wauza petroli wa kando ya barabara ambao hakuna ajuaye mafuta yao yamechanganywa na nini, anaelewa mara moja faida ya injini isiyochagua chakula.

Je, wajua kwamba M20 ya cc 496 ilitoa nguvu za farasi 13 tu, na Boxer ya cc 150 inatoa 12? Injini iliyo mara tatu kwa ukubwa, nguvu karibu sawa! Siri iko kwenye mizunguko. M20 ilifika nguvu yake yote kwenye mizunguko kama 4,200 kwa dakika, Boxer huifikia kwenye 7,500. Moja inavuta polepole kutoka chini, kwa pistoni kubwa na gurudumu zito la ndani linalotunza mwendo. Nyingine inapata nguvu kwa kukimbia sana. Ndiyo maana mlio wao haufanani kabisa. Pistoni hiyo kubwa ilikuwa na hatari yake pia. Usipoinua kwanza valvu ya kutoa moshi kwa kijiti cha kwenye usukani ili kupunguza mgandamizo, kiki ingeweza kurudi kwa nguvu na kuumiza mguu.

Usiku wa 19 Novemba 1940 ndege za Ujerumani zilipiga kiwanda cha BSA cha Small Heath, Birmingham. Wafanyakazi 53 walikufa, wengi wao wakiwa kwenye zamu ya usiku. Kila anayeisifu M20 kwa uimara wake aitaje na zamu hiyo.

Je, wajua kwamba mtaa wetu wa Saio una jina la mji wa Ethiopia? Tarehe 28 Mei 1940 Ubelgiji ilisalimu amri mbele ya Ujerumani. Herstal, na FN yake, na viwanda vya pikipiki vya Saroléa na Gillet, vyote vikawa chini ya adui. Kongo ikabaki bila nchi mama ya kuiletea silaha wala kipuri, ikageukia upande wa Waingereza. Wanajeshi wa Force publique, jeshi la koloni la Kongo, walipanda kutoka Stanleyville, yaani Kisangani, kwa barabara ya Aba hadi Juba, kisha wakaingia Ethiopia kupigana na Waitaliano: Asosa, Gambela, na mwisho Saio, mji unaoitwa leo Dembi Dolo. Hapo, tarehe 3 Julai 1941, Jenerali Pietro Gazzera alijisalimisha kwa Jenerali Auguste Gilliaert. Wakongo waliotembea njia hiyo, na wapagazi waliobeba mizigo yao, wanastahili kukumbukwa kwa zaidi ya kibao cha mtaa. Ushindi katika vita vile uliamuliwa na barabara: nani amepata petroli, nani amepata unga, nani amepata amri kwa wakati.

Amri hizo zilipelekwaje? Hapa ndipo kazi ya pikipiki ya silinda moja ilipokuwa. Redio husikiwa na adui, simu ya waya hukatwa, lakini tarishi wa pikipiki hubeba karatasi, ramani au ufunguo wa maandishi ya siri mfukoni, na akikamatwa anaweza kuiteketeza. Tarishi alisafiri peke yake, mara nyingi usiku, taa ikiwa imefunikwa isionekane na ndege, kwenye barabara ambayo lori lililotangulia limeichimba. Hakuwa na mwenzake wa kumsaidia kuinua pikipiki ya kilo 170 ikianguka mtaroni. Ndiyo maana matarishi walifundishwa kutengeneza pikipiki zao wenyewe. Uingereza iliwafundisha wanawake pia.

Na mmoja wa wanawake hao alikwisha kupita Kongo kabla ya vita. Je, wajua habari za Theresa Wallach na Florence Blenkiron? Tarehe 11 Desemba 1934 wanawake hawa wawili waliondoka London kwa pikipiki wakielekea Cape Town. Pikipiki yao ilikuwa Panther ya cc 600, silinda moja, iliyoundwa na kampuni ya Phelon & Moore ya Cleckheaton, Yorkshire. Injini ya Panther ililazwa kwa mshazari, na silinda yenyewe ilichukua nafasi ya bomba la mbele la fremu. Walifunga kigari cha pembeni, na nyuma yake tela la mizigo. Hawakuwa na gari la kuwasindikiza.

Waliivuka Sahara. Mchanga, jua na ule mzigo wote viliishinda injini, na huko Agadez, Niger ya leo, wakaifungua yote na kuijenga upya. Kisha Kano, kisha kusini ya Chad, kisha wakaingia msitu wa Kongo ya Wabelgiji, wakatokea Uganda, Kenya, Tanganyika, na kuendelea kusini. Walifika Cape Town mwishoni mwa Julai 1935. Yeyote aliyewahi kusukuma pikipiki kwenye matope ya barabara ya Komanda kwenda Mambasa ajaribu kuwaza kusukuma Panther yenye kigari na tela, katika msitu wa ikweta, mwaka 1935. Mimi nikiwaza hivyo nawavulia kofia. Wote wawili walikuwa waendeshaji wa mashindano. Blenkiron alikuwa amepata mwaka 1934 nyota ya dhahabu ya uwanja wa Brooklands, waliyopewa wale tu waliozunguka uwanja huo kwa wastani wa zaidi ya maili 100 kwa saa, kama kilomita 161. Wallach aliipata yake mwaka 1939, juu ya Norton ya silinda moja. Vita vilipoanza akawa fundi na tarishi wa pikipiki wa jeshi la Uingereza. Baadaye alihamia Marekani, akafungua shule ya kufundisha watu kuendesha pikipiki, na akafa mwaka 1999, siku aliyotimiza miaka 90. Kitabu chake cha safari hiyo, The Rugged Road, kilichapishwa baada ya kifo chake.

Nyota hiyohiyo ya dhahabu ndiyo iliyoipa jina BSA Gold Star, pikipiki ya silinda moja iliyotamaniwa na vijana wa Uingereza miaka ya 1950.

Je, wajua kwamba Norton ya silinda moja inamhusu hata mgeni mashuhuri wa mashariki ya Kongo? Januari 1952 Ernesto Guevara na rafiki yake Alberto Granado waliondoka Argentina kuizunguka Amerika ya Kusini kwa Norton ya cc 500 ya mwaka 1939. Waliiita La Poderosa II, yaani yenye nguvu. Iliishiwa nguvu Chile, wakaendelea kwa miguu na kwa lifti za malori. Miaka 13 baadaye, Aprili 1965, Guevara huyohuyo alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma na kushuka Kibamba, upande wa Fizi, kuwasaidia waasi. Huko hakuitwa Che, jina alilojulikana nalo duniani. Jina lake la vita lilikuwa Tatu, namba tatu ya Kiswahili. Aliondoka Novemba mwaka huohuo bila kufanikiwa.

Je, wajua kwamba Yamaha za mashirika na misheni zina undugu na pikipiki za jeshi la Uingereza? Sikiliza mkondo wake. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Wajerumani wa DKW walikuwa na pikipiki ndogo sana ya silinda moja, iliyouzwa Uholanzi na kampuni ya Wayahudi. Wanazi waliinyima kampuni hiyo bidhaa. Wenye kampuni wakaenda Uingereza, wakaiomba Royal Enfield iwaundie inayofanana nayo. Vita vikaanza, jeshi la Uingereza likaichukua: cc 125, nyepesi kiasi cha kuinuliwa na watu wawili, ikafungwa ndani ya fremu ya chuma na kuangushwa kwa mwavuli pamoja na askari. Katika mapigano ya Arnhem, Uholanzi, Septemba 1944, ilikuwapo. Vita vilipokwisha, michoro ya DKW RT 125, ndugu mkubwa wa ile ndogo, ikawa ya yeyote aliyeshinda. BSA wakatoa Bantam mwaka 1948, Warusi wakatoa yao, Harley-Davidson yao. Na mwaka 1955 Yamaha wakatoa pikipiki yao ya kwanza kabisa, YA-1, kutoka mchoro huohuo. Kwa hiyo Yamaha ya misheni iliyopeleka chanjo vijijini na Bantam nyekundu iliyopeleka telegramu Uingereza ni watoto wa mama mmoja.

Turudi kwa matarishi wa vita: Matchless G3/L, silinda moja ya cc 347, ilikuwa kipenzi chao. Ilianza kuundwa mwaka 1941 ikiwa na fok za mbele za mirija iliyojaa mafuta, zile ambazo kila pikipiki ya Bunia inazo. Kabla yake jeshi la Uingereza lilipanda fok za springi na vyuma vya kubembea.

Je, wajua kwa nini Honda CG125 ilirudi nyuma kiufundi kwa makusudi? Miaka ya mwanzo ya 1970 wahandisi wa Honda walitembelea nchi zinazoendelea, wakakuta pikipiki zinabeba mizigo kupita kiasi, na mafuta ya injini hayabadilishwi kwa wakati. Injini zao za wakati huo, zenye mtambo wa kufungulia valvu uliowekwa juu kabisa ya silinda, ziliharibika mapema kwa kukosa mafuta safi. Wakarudi kwenye mpango wa zamani waliouzoea Waingereza: mtambo uko chini, na vijiti vya chuma vinasukuma valvu zilizo juu. Bullet na Panther zilifanya hivyo. CG125 ikatoka katikati ya miaka ya 1970, Wachina wakaiiga kwa mamilioni, na nyingi za pikipiki za Kichina zilizoingia Ituri kupitia Uganda zimebeba injini ya namna hiyo. Kwa maoni yangu huo ni uhandisi wa heshima: mtu amekuja kuona maisha ya mteja wake yalivyo, akaunda chombo kinachoyafaa.

Hata mwinuko wa mji wetu unaihusu injini: Bunia iko karibu mita 1,250 juu ya usawa wa bahari. Kasenyi, kwenye Ziwa Albert, iko karibu 620. Motari anayeshuka na abiria kupitia Bogoro, akipita ule ukingo mkubwa wa bonde, anashuka zaidi ya mita 600. Juu huku hewa ni nyepesi, kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko pwani ya Mombasa. Kabureta iliyopimwa pwani, ikifika Bunia, hutia petroli nyingi kuliko hewa: plagi inakuwa nyeusi, moshi unazidi, pesa inapotea. Fundi mzuri hubadilisha jeti ndani ya kabureta, au hushusha sindano yake hatua moja. Viwanda vya Uingereza viliuza jeti za ukubwa mbalimbali kwa sababu hiyohiyo.

Je, wajua kwamba motari wa Bunia akipewa M20 leo anaweza kupata ajali kabla ya kona ya kwanza? Gia za pikipiki za zamani za Uingereza zilikuwa mguu wa kulia, na breki ya nyuma mguu wa kushoto, kinyume cha TVS na Boxer. Atakanyaga breki apate gia. Marekani iliweka sheria ya gia kuwa kushoto katikati ya miaka ya 1970, na viwanda vyote vya dunia vikafuata soko hilo. Mpakani kuna mkanganyiko mwingine, nao ni wa kila siku: Goli, upande wa Uganda, watu hupita kushoto, urithi wa Waingereza. Mahagi hupita kulia, urithi wa Wabelgiji. Mamia ya motari hubadilisha upande hapo bila taa ya kuwaongoza.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, maelfu ya M20 na 16H ziliuzwa kwa raia. Watu walizipaka rangi nyeusi juu ya ile ya jeshi, wakafunga vigari. Chama cha magari cha Uingereza, AA, kiliweka watu wake barabarani na BSA za njano zenye kigari cha vifaa, kusaidia wenye magari yaliyoharibika, na kazi hiyo iliendelea hadi miaka ya 1960. Kwetu kazi za pikipiki zinajulikana: wachimbaji wa dhahabu kwenda Mongbwalu, wajawazito kwenda hospitali ya Nyankunde, samaki kutoka Kasenyi. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020 timu za chanjo zilifika kwa pikipiki mahali ambapo gari halifiki.

Lakini hapa kwetu mpaka kati ya raia na askari juu ya pikipiki haukuwahi kuwa safi. Tangu hali ya dharura ya kijeshi itangazwe Mei 2021 Ituri na Kivu Kaskazini, na hata kabla yake, viongozi wamepiga marufuku mara kwa mara pikipiki kutembea usiku, kwa kuwa waliotumwa kuua nao hupanda pikipiki. Anayeumia zaidi ni motari mwenye leseni na watoto wa kulisha, ambaye saa za jioni ndizo za kipato chake. Kwenye RN27 na RN4 motari wameuawa pamoja na abiria wao, na pikipiki zao kuchomwa au kuporwa. Hao hawakuwa wanajeshi wa upande wowote.

La mwisho ni la kichwa chako mwenyewe. Je, wajua kwamba helmeti ya pikipiki ilithibitishwa na matarishi wa vita? Daktari Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo mzaliwa wa Australia aliyefanya kazi Oxford, alikuwa mmoja wa waliomtibu T. E. Lawrence, yule wa Uarabuni, aliyeanguka na pikipiki yake Mei 1935 bila helmeti na kufa siku sita baadaye. Vita vilipoanza, na taa za barabarani zikazimwa kuwakwepa warushaji wa mabomu, Cairns akaona vijana wa jeshi wakifa barabarani kabla ya kumwona adui. Mwaka 1941 alichapisha hesabu yake: katika miezi 21 ya kwanza ya vita, waendesha pikipiki na abiria wao 2,279 waliuawa kwenye barabara za Uingereza. Miongoni mwa majeruhi aliowachunguza alikuta saba tu waliokuwa wamevaa helmeti, na wote saba walipona. Novemba 1941 jeshi likaamuru kila mpanda pikipiki wake avae, na vifo vikashuka mwaka hadi mwaka. Raia wa Uingereza walisubiri: kwao helmeti haikuwa sheria hadi 1973, miaka 32 baadaye, na pikipiki nyingi za silinda moja za wakati wa vita zilikuwa zimekwisha kwenda kwenye vyuma chakavu.